Zulma Techera, Aliyezituhumu Hata Seli za Moyo

Zulma Techera alizaliwa Tacuarembó tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa Eladio, mchunga ng'ombe, na mkewe Blanca. Tarehe hiyo ni ya cheti. Mwenyewe hakuiamini kamwe, maana baba alikwenda kumwandikisha akitokea baa. Akiwa na miaka saba alimtilia shaka kuku wa Jumapili.

"Wa sokoni huyo, kula," baba akamwambia.

Zulma akaenda bandani kuwahesabu kuku wao, akarudi amenuna. Akauopoa moyo wa kuku kwenye supu, akaupasua kwa kisu aone kilichomo. Nyama hakuigusa.

Alisoma hapo hapo mpaka sekondari, kisha akaenda Montevideo kusomea udaktari. Walimu walimpenda kwa mbali. Alihitimu mwaka 1984 lakini hakutibu mtu, kwa kuwa wagonjwa, alisema, ni waongo. Akaingia maabara kuchunguza seli za moyo wa panya.

Huko alifanya kazi na Washington Bentancor, aliyekuwa amemposa bila kupata jibu. Mwaka 1996 Washington alimletea picha. Vipokezi vya adrenalini, ambavyo sote tulifundishwa kwamba hukaa kwenye utando wa nje wa seli, vilikuwa viking'aa ndani kabisa, jirani na ghala la kalsiamu inayoufanya moyo ujikaze.

"Umezitoboa," Zulma akasema. "Rangi imevuja."

"Sijatoboa kitu, Zulma. Angalia tena."

"Seli iliyotoboka huingiza hata uvumi. Jina langu usiliweke hapo."

Utafiti na posa vikakwama pamoja, na Washington akakonda. Zulma akaanza kumtegea. Aliziba vipokezi vya nje kwa dawa isiyopenya utando. Homoni ikaingia kwa mlango wake yenyewe, na ndani ya seli ishara ikawaka. Akaufunga na mlango huo, ishara ikazimika. Alirudia jaribio hilo hadi panya wakaadimika mjini.

"Haya," akasema mwishowe, "kimo ndani."

"Na mimi je?"

"Wewe bado uko mlangoni."

Walifunga ndoa tarehe 8 Novemba 1997. Wanafunzi wake Zulma aliwafundisha kwamba kipokezi ni kilekile, ila cha nje kina yake na cha ndani kina yake. Hata neno moja likisemwa barazani si sawa na likisemwa chumbani. Washington akisikia hivyo alikuwa akikohoa.

Mwaka 2022 moyo wa Zulma mwenyewe ulianza kuchoka. Kila kidonge alikihoji: "Hiki kinaingia ndani, au kinaishia kubisha hodi?" Ilipofika Julai 2024 daktari alituambia sisi jamaa zake kwamba hakuna la kufanya. Kaka yake Zulma, Wilmar, akatuapisha tusimwambie. Tukawa tunaingia mmoja mmoja na nyuso za sikukuu kumwambia anaendelea vizuri, naye anatutazama kama alivyoitazama ile picha. Tuliona aibu, na bado tukaendelea.

Siku ya mwisho alimgeukia mumewe mbele yetu sote.

"Hawa wote wanasema napona. Wewe unasemaje?"

Wilmar alimkanyaga shemeji yake mguu. Washington hakuuondoa.

"Huponi, Zulma wangu."

Tulisubiri adai vipimo, aitishe daktari wa pili. Hakuuliza kitu. Washington akammiminia mate, ile chai yetu chungu ya majani inayonywewa kibuyuni kwa mrija, naye Zulma akanywa taratibu mpaka kibuyu kikalia kwa kuisha, akamrudishia.

"Asante," akasema.

Kwetu, anayerudisha kibuyu kwa asante anasema imetosha, usimmiminie tena. Katika ndoa yao yote Zulma hakuwahi kumtamkia hivyo. Washington akalifunika birika, akamshika mkono. Alfajiri ya tarehe 19 Julai 2024 mkono ule ulipoa.

Ameacha mume, Washington, ambaye jioni ile tulimkasirikia na leo tunamwomba radhi. Binti yao, Ximena. Kaka yake, Wilmar. Na sisi wapwa na watoto wa kaka, waongo wake.

Apumzike kwa amani, akishaikagua mwenyewe.