Suhail Msellem Kificho, Aliyetia Bega Jeneza la Asiyemjua

Bismillahi. Kabla maiti haijasaliwa, familia ya Mzee Msellem Kificho wa Vitongoji inawaomba mtege masikio kidogo, mjue ni nani aliyelala hapa mbele na kilichomuua. Yameshasemwa mengi barazani, mengine uongo mtupu.

Suhail alizaliwa hapa Vitongoji siku ya Jumamosi, tarehe 27 Januari 2001, mtoto wa pili wa Mzee Msellem na Bi Mwanawema. Siku hiyo ya maandamano Chake Chake kulikuwa na risasi na moshi, hakuna gari iliyothubutu kutoka, na mama yake alijifungulia chumbani, milango imekomewa, mkononi mwa Bi Mwanapili, mkunga wa mtaa. Bi Mwanapili alikuwa akisema kuwa mtoto yule hakulia mpaka nje kulipotulia.

Alihitimu msahafu madrasa, na skuli alifika kidato cha nne mwaka 2019. Vitabu havikumkaa sana. Kilichomkaa ni mafriji. Alifungua banda lake kando ya nyumba, na wauza samaki wa pwani yote hii walijua pa kwenda barafu ikigoma kuganda.

Ijumaa ya tarehe 16 Septemba 2022 alimuoa Khairat wa Wawi. Siku hiyo bwana harusi alipotafutwa aingizwe ndani kwa mkewe, hakuonekana. Alikutwa jikoni kwa wakwe, joho limetundikwa mlangoni, yuko nyuma ya friji lililokuwa likinguruma vibaya. Mkwewe, Bi Rahma, hadi leo husimulia: "Nkamwambia, mwanangu, mkeo yuko kule. Akanambia, nnakuja mama, na huyu naye anakufa." Mwaka uliofuata walijaaliwa binti, Yumna.

Ghala moja la samaki lilikuwa likimwita kila mashine zilipoharibika, lakini kazi ya kudumu ilipotokea akapewa mwenye cheti. Hapo aliamua kutafuta cheti. Aliomba nafasi ya mafunzo huku kwetu, akakosa, akaomba tena, akakosa. Ndipo Abdulsamad wa Mgogoni, rafiki yake aliyeko Durban, alipompigia simu: Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza, hukaa miezi mitatu, na vyuo vya ufundi viko. Ami yake, Mzee Ridha, alimuuliza swali moja tu: "Kuingia utaingia. Kukaa je?" Suhail alijibu kuwa atapata chuo kwanza, na chuo kitampa njia ya kibali cha ukaazi. Alitaka vitu viwili, cheti na kibali, kisha amchukue Khairat na mtoto.

Alivuka mpaka tarehe 20 Februari 2025. Wiki ya kwanza tu vibaka walimkaba uchochoroni, wakamnyang'anya simu na kumng'oa jino kwa kitako cha bastola. Alipoazima simu akaongea na mama yake kwa video, alicheka huku kafunika mdomo, na Bi Mwanawema akadhani mwanawe kaota haya za kizungu. Vyuo vilimkataa kimoja baada ya kingine, hadi kimoja kilipomkubali mwanzoni mwa Mei. Ila kibali, aliambiwa, kinaombwa ukiwa nchini kwako. Hakuvunjika moyo. Alifungasha begi, arudi nyumbani akaombe halali kabla siku zake hazijaisha.

Jumamosi ya tarehe 10 Mei, yeye na Abdulsamad walikuwa wakitoka dukani. Jeneza likapita, limebebwa na vijana, watu nyuma wanaimba. Aliyekufa alikuwa kijana wa mtaa ule, kauawa na majambazi, na mtaa mzima ulikuwa ukinong'ona kuwa wauaji ni wageni. Suhail hakuyajua hayo. Alilojua ni kuwa jeneza likipita, mwanamume anaacha alichonacho, anatia bega hatua chache, anampokeza mwenzake. Ndivyo tulivyomlea sisi sote tulioketi hapa.

"Yakhe, hapa si kwetu," Abdulsamad alimwambia.

"Maiti ni maiti," akajibu, akampa mfuko wa mkate, akaenda.

Alitia bega. Kijana wa mbele yake akageuka, akamuuliza neno kwa lugha yao. Suhail akamjibu kwa Kiswahili, kumpa pole. Basi. Mtu mmoja akapiga ukelele kuwa wauaji wamekuja kumcheza shere maiti. Jeneza likawekwa barabarani. Walimpiga kwa mawe, kwa mbao za uzio, kwa chuma. Alipoanguka walimkanyaga kifua mpaka mbavu zikaingia ndani. Abdulsamad alijitupa juu yake, akavunjwa mkono, na ndiye huyo hapa mbele mnayemuona kafungwa bandeji. Familia imekataa kuyapamba haya. Kijana wetu aliuawa, hakufa kwa ajali.

Hospitali walimpasua, lakini damu ilikuwa imeshamwagika tumboni. Fahamu zilimrudia kidogo, akamuuliza Abdulsamad kama yule maiti alishazikwa. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Mei 2025.

Ameacha wazazi wake, mkewe Khairat, bintiye Yumna, na ndugu zake. Mwenye friji lake bandani amuone Mzee Ridha. Aliyekosewa naye amsamehe, na aliyemkosea amuombee dua.

Wapo waliosema jana kuwa vijana wanaosafiri waonywe wasiguse jeneza la mtu. Bi Mwanawema aliwasikia kutoka ndani, na ameagiza maneno yake yasomwe kama alivyoyatoa: "Walomuua mwanangu sijawasamehe, na mtu asinihimize. Yule alokuwemo jenezani sina ugomvi naye, wala na mamake. Mwanangu hakukosea. Asije mtu akawafundisha watoto kuwa alikosea."

Mwenyezi Mungu ampe Suhail utulivu alioukosa safarini, na kaburi lake liwe na nafasi na nuru. Wanaume simameni. Bi Mwanawema anasema yeyote anayetaka kumbeba asizuiwe, hata kama hakuna anayemjua.