Mama Kivuli Anashuka Kutoka Kwenye Paa

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kukitumikia kiwanda chetu cha betri, Mkaguzi wa Vifaa vya Kinga anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Jina lake kamili liko kwenye faili za utumishi na litabaki hukohuko, maana ukilitaja hapa hata mlinzi wa getini atakukodolea macho. Sisi tunamjua kama Mama Kivuli. Kamati ya sherehe imeniomba mimi wa stoo niandike wasifu huu kwa sababu stoo yangu inapakana na ofisi yake, na kwa sababu wengine wote walikuwa na udhuru.

Aliajiriwa kama karani wa kupokea mizigo, kazi yake ikiwa kuhesabu glavu, aproni na buti zinazoingia. Haikuwa kazi ya kuumiza kichwa. Lakini mama huyu ana maradhi yake: hawezi kushika kitu bila kukivuta, kukikunja na kukinusa. Kwa kuvuta-vuta huko akagundua kwamba glavu zilizokaa ndani ya boksi miaka miwili bado ni laini, ilhali zile zilizosahaulika dirishani miezi michache zinakatika kama biskuti. Akaomba kwenda kusoma. Alirudi na neno moja refu, urujuanimno, na tangu siku hiyo hatukupumua.

Urujuanimno ni miale ya jua ambayo jicho haliioni. Kwa maelezo yake, plastiki na mpira vimesukwa kwa nyuzi ndogo mno, na miale hiyo kazi yake ni kuzikata mojamoja, kimyakimya. Kwa nje kitu kinang'aa vilevile. Kwa ndani kimeshachoka, kimejaa vinyufa, na asidi ikikigusa inapita zake bila hata kubisha hodi. Alitueleza haya kwenye mkutano wa wafanyakazi, tukampigia makofi, tukaenda kunywa chai, tukasahau. Yeye hakusahau. Alianza kupita kila idara akipiga kelele moja tu, kivulini, wekeni kivulini, na ndipo jina likamganda.

Kiti ndicho kilichomfungulia njia. Kilikuwa kiti cha plastiki cheupe, kimekaa getini juani tangu enzi za mlinzi aliyetangulia, na Mama Kivuli alikuwa ameshatangaza kwamba kiti hicho ni marehemu, kinasubiri mazishi tu. Siku moja tuliitwa mkutanoni uani, viti vikapungua, mtu akakileta kile, na Meneja Mkuu akakikalia. Aliketi anatueleza jinsi bidhaa zetu zinavyodumu. Loo! Miguu minne ilikwenda pande nne, na meneja akaenda chini huku ameng'ang'ania kipaza sauti, kwa hiyo tulimsikia vizuri sana. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka mwenyewe, na hapo watu walishikana wasianguke na wao. Wiki iliyofuata Mama Kivuli alipewa paa zima la jengo la ofisi, mbao za kutosha na cheo kipya.

Paa hilo ni la zege, bapa. Huko alipanga vichanja vilivyoelekea jua, akalaza vipande vya kila kifaa cha kinga tunachonunua, nusu ya kipande juani, nusu imefunikwa ubao ili aione tofauti. Vikishaiva, neno ni lake, huvishusha uani na kukaza kila kimoja kwenye mdomo wa chupa ya jemu kama ngozi ya ngoma. Ndani ya chupa ameweka karatasi ya buluu ambayo ikiguswa na asidi hugeuka nyekundu. Humimina asidi kidogo juu ya kile kipande, halafu tunasubiri tuone kama imepenya. Shughuli hii hufanyika saa ya mapumziko, nasi tunaiita chai ya karatasi. Watu huchagua chupa na kuzishangilia. Buti jeusi lina mashabiki wengi, kwa sababu masizi yaliyochanganywa kwenye mpira mweusi huimeza ile miale kabla haijafika mbali. Glavu za njano ni timu ya kufungwa kila msimu. Chupa zenyewe za jemu, niseme hapa hadharani, zilitoka stoo kwangu na hazijarudi.

Sasa lazima nimlete dobi. Mkuu wa ufuaji kiwandani ni mume wa Mama Kivuli. Mimi humwita shemeji, maana mkewe ni dada yangu wa kazini, na amenipa ruhusa ya kuyaandika haya ingawa alivuta pumzi kwanza. Binti yao anafanya kazi chumba cha kujazia asidi kwenye betri. Basi nyumba ile ilikuwa imejitosheleza: mama anakagua aproni, baba anazifua, binti anazivaa.

Shemeji anaipenda kazi yake mpaka inaudhi. Kwake yeye kitu hakijafuliwa mpaka kipigwe na jua, mbele na nyuma. Kila asubuhi alizianika aproni nyeupe za plastiki kwenye kamba ya uani, zimejipanga wima kama wanafunzi wa gwaride, na saa sita alipita kuzigeuza upande wa pili. Wageni walikuwa wakipigwa picha mbele ya kamba hiyo. Na Mama Kivuli, huyuhuyu anayepiga kelele dunia nzima iingie kivulini, alipita chini ya kamba ile miaka nenda miaka rudi bila kuinua macho. Vifaa vipya vilikuwa vyake, vilivyotumika vilikuwa vya mumewe, na kwa ajili ya amani ya nyumba hakuna aliyeuvuka mpaka huo.

Mpaka ulivukwa na upepo. Aproni moja ilichomoka kwenye kamba ikamfunika kichwa. Sisi tuliokuwa karibu tulicheka, tukitegemea atacheka naye, lakini alikaa chini ya ile aproni kwa muda akiikunja-kunja. Alipotoka alikuwa amekauka uso. Akaagiza aproni zote za chumba cha asidi zipelekwe chai ya karatasi siku ileile, zilizofuliwa na zisizofuliwa.

Isiyofuliwa ilikuwa moja. Ni ya fundi mmoja tunayemwita Kesho, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila ombi. Kesho hajawahi kupeleka aproni kwa dobi tangu aajiriwe. Huiviringisha na kuisukumiza chini ya meza, kwenye giza, inakaa na buibui. Ilibidi ikwanguliwe kwanza ili plastiki ionekane. Basi karatasi zikawekwa, asidi ikamiminwa, na tukaanza kushangilia kama kawaida. Zikaanza kuwa nyekundu. Hii, na ile, na ile. Makelele yakapungua, yakaisha kabisa. Kwenye meza nzima ikabaki karatasi moja ya buluu, safi kama anga, ya Kesho. Bwana yule alinyanyua mikono juu, akadai cheti, na akapendekeza uvivu uingizwe kwenye kanuni za usalama. Mama Kivuli alimweleza kwamba kilichomwokoa ni giza, uchafu hauna sifa hapo, na kwamba aende kuifua. Kesho alijibu kwa jina lake.

Lakini iliyoanza kuwa nyekundu kabla ya zote ilikuwa aproni ya binti. Baba yake alikuwa akiifua peke yake, kwa mkono, na kuianika mwanzoni mwa kamba, mahali ambapo jua linafika mapema na kuondoka mwisho. Alikuwa akimchagulia mwanawe jua zuri kuliko la wengine. Shemeji aliiangalia ile karatasi, akavua kofia, akaondoka uani bila kumuaga mtu. Nilimwonea huruma sana, na sikucheka tena siku ile.

Kilichofuata kilinitesa mimi. Mke na mume hawakusemezana wiki nzima. Nyumbani walipitia kwa binti, kazini walipitia kwenye dirisha langu la stoo. Shemeji ananituma nimwambie Mkaguzi kwamba koti lake la kazi liko tayari, naye Mkaguzi, aliyesimama palepale begani kwake, ananituma nimwambie Dobi kwamba ahsante. Nikawa nageuza shingo kulia na kushoto mpaka nikapaka dawa ya misuli. Mama Kivuli aliniambia siku moja, machozi yakimlengalenga, kwamba alikuwa tayari kununiwa mpaka mwisho wa ndoa, lakini mtoto wao hatavaa tena kitu kilichoanikwa juani. Aproni zote zikatupwa, mpya zikaja, na nyuma ya jengo likajengwa banda la kuanikia lenye paa na upepo wa kutosha. Shemeji alilitumia kwa kuwa ni amri. Alisema aproni zinanuka pango.

Miezi michache baadaye bomba la kujazia lilichomoka mikononi mwa binti, na asidi ikammwagikia kuanzia kifuani mpaka magotini. Aliwekwa chini ya maji haraka, kama utaratibu unavyotaka, huku baba yake ametoka mbio kwenye ufuaji, mapovu mpaka kwenye viwiko, akiuliza kila mtu kama mtoto ni mzima. Ngozi haikuwa na hata alama. Binti alilalamika tu kwamba maji yalikuwa ya baridi.

Shemeji hakuridhika. Kila dobi wa kiwanda cha betri anajua kwamba shati la pamba likiguswa na asidi halisemi siku hiyo. Linasema likifuliwa, ndipo matundu yanapojitokeza. Akalichukua shati ambalo binti alilivaa chini ya aproni, akalifua mwenyewe, akalinyoosha mbele ya dirisha na kulikagua pindo kwa pindo, kola mpaka mikono. Hakuona tundu hata moja.

Akapanda ngazi na shati lake mkononi, mpaka juu ya paa, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Nilimfuata, nikidai nakwenda kuulizia chupa zangu. Shemeji alisimama mbele ya mkewe, akalinyanyua lile shati, na akasema kwa sauti ambayo hata uani waliisikia kwamba mtoto amepona, kwamba aliyemponya ni yeye mama yake, na kwamba yeye mwenyewe, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, alikuwa anakaribia kumuunguza. Akaomba msamaha. Mama Kivuli alilia, akacheka, akamfuta mapovu viwikoni kwa kanga yake. Halafu akamwomba asogee kidogo kushoto, maana alikuwa anazizibia glavu jua.

Dada yetu, kwa niaba ya chumba cha asidi, ufuaji, ofisi na hata Kesho, ambaye ameahidi kutoa shukrani zake kesho, tunakushukuru kwa kila ngozi iliyorudi nyumbani salama jioni. Mungu akujalie afya na usingizi wa kutosha. Shemeji naye ametuomba tuandike hapa, kwa herufi zinazosomeka, kwamba banda halinuki.