Bwana Bogić wa Simfoni na Bastola

Asubuhi hiyo mji wa Cetinje uliamka bila ukungu, na benchi la chini ya dirisha la mkahawa lilijaa kabla kahawa ya kwanza haijachemka. Balozi alishaiwahi nafasi yake. Jina hilo alilipata kwa kulinda jengo lililowahi kuwa ubalozi enzi za wafalme, na ukimsikiliza utadhani alikula nao meza moja. Upande wa pili alikaa Barometa, ambaye goti lake hutabiri mvua na kukosea. Katikati yao Spasoje, kinyozi mstaafu, roho juu. Jioni Bogić wa mji wa Nikšić angekuja na mwanawe Vuksan kumposa Ksenija, binti pekee wa Spasoje. Kwa desturi, tufaha la posa lingewekwa mezani, na Spasoje angetakiwa aseme ndiyo au hapana kabla binti hajalipokea. Na huyo Bogić, Spasoje hakumjua hata kwa sura. Bahati nzuri, Barometa ana binamu anayeishi mkabala na Bogić, na binamu huyo kazi yake kuchungulia.

— Haya, mwaga ubuyu, — alisema Spasoje. — Ni mtu wa namna gani?

— Wa muziki, — alijibu Barometa. — Kukicha tu anafungua madirisha, anaweka santuri. Simfoni, bwana! Fidla arobaini kwa mpigo! Mtaa mzima unapiga mswaki kwa kufuata mdundo.

— Mstaarabu huyo! — Spasoje alipiga paja. — Mwanangu anaingia nyumba ya wastaarabu.

— Ngoja kwanza. Ukutani ana bastola.

— Ngapi?

— Ukuta wenyewe hauonekani.

Vikombe vilisimama hewani. Bastola moja ya babu, nani hana? Hata padri anayo. Lakini ukuta mzima!

— Za kale hizo, za kukusanya tu, — Barometa aliwatuliza. — Mipini ya fedha. Jumapili anazifuta vumbi huku santuri inaimba. Ndo maana wahenga wakasema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha bastola? — alidakia Balozi. — Methali hiyo ni ya kuweka akiba, wewe!

— Kwani hajaweka?

Barometa alikunywa funda moja, akaendelea kumwaga. Bogić anafuga nyuki. Anatengeneza saa mbovu za watu asiowajua. Anavua samaki kwa chambo cha manyoya ya kuku. Anajifunza Kihungaria kitabuni, na katika ukoo wao hakuna Mhungaria hata wa dawa.

— Basi imekwisha, — Balozi alishusha sauti. — Jasusi. Mimi nimekaa ubalozini, nawajua. Simfoni ni ya kufunika sauti ya mitambo. Mzinga wa nyuki, nani atathubutu kuukagua?

— Na samaki?

— Samaki ndo wanaopeleka ujumbe.

— Hapo umechemka, mzee! — alidakia Barometa. — Jamaa alikuwa anaongoza okestra Vienna. Mpiga tarumbeta akakosea noti, jamaa akachomoa bastola.

— Akamuua?

— Akamwangalia tu. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyekosea.

Spasoje alikuja pale na hofu ya mzazi, lakini sasa damu ilikuwa inamchemka kwa raha. Akasimama, kahawa ikamwagikia kiatu.

— Vipofu nyinyi! Mipini ya fedha! Muziki wa kifalme! Huyo ni mjukuu wa mfalme, wa mlango wa nyuma! Ksenija wangu anaolewa ikulu!

— Mpigieni saluti baba wa malkia! — alipayuka Balozi, na wote watatu wakacheka hadi mwenye mkahawa akagonga dirisha.

Ksenija aliwakuta hivyo, mkono mmoja ameshika paja la nyama ya kukausha, mwingine jibini la wageni.

— Kuna nini, wazee?

— Njoo, mwanangu! — Spasoje alianza kuhesabu kwa vidole. — Mkweo anapenda simfoni, bastola, nyuki, saa mbovu, samaki, na Kihungaria! Baba yako kafanya uchunguzi!

Ksenija alicheka sana, mpaka akaweka nyama benchini.

— Hongera, baba. Na mimi napenda nini?

Vidole vya Spasoje vilibaki juu.

— Wewe? Wewe unapenda... aa, si unajulikana.

— Kushona, — Barometa alijaribu kumwokoa.

— Sipendi hata kutunga uzi.

— Supu ya kondoo! — alisema Spasoje.

— Hiyo unaipenda wewe, baba. Mimi naipika.

Balozi alichungulia mashapo ya kahawa ndani ya kikombe chake. Spasoje alishusha vidole vyake. Msichana huyu amemlea peke yake tangu mama yake afariki, amemsuka nywele kwa mikono yake ya kinyozi, na leo hana hata kidole kimoja cha kumhesabia. Aliona aibu, aibu ya kweli.

— Vuksan anajua unachopenda? — aliuliza polepole.

— Anajua, baba. Ndiyo maana namtaka.

Spasoje aliitazama ile nyama, akamtazama binti yake, kisha akamsukuma Balozi kwa kiwiko.

— Sogea huko! Keti, mwanangu. Tufaha utalipokea, hilo limekwisha. Lakini hutoki nyumbani kwangu kabla sijakujua. Haya, anza kutaja unavyovipenda.

Ksenija akaketi katikati yao.

— Pikipiki, — alisema, na wazee wote watatu wakaruka kwa kelele.