Mkia Ambao Gwakisa Hakuuona

Tarehe 30 Juni 2015, Ndugu Gwakisa Nikodemo, fundi mkuu wa vyanzo na mabomba, anastaafu baada ya kuihudumia idara yetu ya maji hapa Tunduma kwa miaka ishirini na minane na miezi kumi. Ni desturi ya wasifu kama huu kudai kwamba mstaafu aliipenda kazi yake kuliko kitu kingine chochote duniani. Sitadai hivyo, kwa kuwa si kweli. Kazi yetu aliitumikia kwa uaminifu usio na doa. Alichokitamani ni bahari.

Wapo watakaouliza mtu wa Ibaba, huko Ileje, ambako maji makubwa kuliko yote ni mvua ya Machi, anatamanije bahari. Hoja hiyo haina mashiko, kwa sababu bahari aliijua. Mwaka 1977 aliajiriwa bandarini Dar es Salaam, akafundishwa kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni ili akague matumbo ya meli. Mwenzake wa mbizi alikuwa Maduhu, Msukuma aliyejua kuogelea kabla hajajua kuchunga. Kanuni yao ilikuwa moja: wawili wanashuka, wawili wanapanda. Mmoja akipatwa na neno, wote wawili wanarudi juu, hata kama mwingine ameona dhahabu.

Novemba 1985 walitumwa kwenye kisiwa kimoja cha volkano kukagua rafadha ya meli. Kazi ilipokwisha mitungi ilikuwa bado na hewa, wakaomba ruhusa ya kushuka ukutani. Kisiwa kile hakina ufuko upande huo. Mwamba mweusi unashuka wima mpaka macho yanaposhindwa. Ndugu Gwakisa husimulia kwamba ukinyoosha mkono wa kulia unagusa nchi kavu, ukinyoosha wa kushoto hugusi kitu hadi mwisho wa dunia. Walipitwa na samaki taa wapana kama mabati ya nyumba, na chini yao papa wenye vichwa vya nyundo, makundi kwa makundi, kama ng'ombe wanaovuka barabara pasipo haraka. Kisha kutoka kwenye ule ubuluu akaja papa potwe. Kilitangulia kinywa, kipana kama mlango wa ghala. Yakafuata mashavu, kisha mgongo wenye madoa meupe, na mgongo ukaendelea kupita. Hapo Maduhu akamgusa bega, akaonyesha sikio lake. Lilikuwa linauma vibaya. Ndugu Gwakisa akageuka, wakapanda wote wawili.

Mkia hakuuona.

Mwaka uliofuata baba yake alifariki. Akiwa mzaliwa wa kwanza, alirudi nyumbani, na Septemba 1986 akaajiriwa hapa. Tunduma ya siku hizo ilikuwa mtaa mmoja na kizuizi cha barabarani. Biashara ilipofunguliwa yakaja malori, zikaja nyumba za wageni, zikaja kiu. Mabomba mengi yaliyofukiwa chini ya mji huu yamepita mikononi mwake. Ile kanuni ya ukutani akaihamishia kwetu: hakuna fundi anayeingia kwenye tangi peke yake. Vijana walilalamika. Katika miaka yake yote hatujazika fundi hata mmoja, na hilo ndilo jibu.

Maduhu naye aliacha bandari, akaenda kuongoza wapiga mbizi kwenye kisiwa kile kile. Kila Novemba, potwe wanaporejea, barua yake ilifika ikiwa na mstari mmoja: "Wamerudi. Wewe je?" Jenista wa mapokezi huipeleka karakana akimchokoza: "Mzee wa potwe, barua ya mchumba hiyo! Leo amefika mita ngapi?" Jibu halibadiliki: "Mkia bado, dada."

Hatimaye likizo ya Januari 1999 ikasainiwa na safari ikapangwa. Mwezi mmoja kabla, chanzo chetu cha mlimani kiliziba. Siku ya tatu watu walikuwa wanavuka mpaka kwenda kuomba maji kwa wakwe zao Nakonde, upande wa Zambia. Ndugu Gwakisa alikuwa na mafua makali, na kila mpiga mbizi anajua kwamba mwenye mafua hashuki. Alivaa miwani yake ya bandarini, fundi Watson akabaki juu ameshika kamba, naye akashuka. Mara ya tano alipanda na gunia la mahindi lililonyonywa na bomba, na damu sikioni. Jioni ile mji ulikunywa. Daktari alimwambia kwamba kwa sikio lile asahau mbizi maisha yake yote.

Tulimwita shujaa. Alikataa, na ubishi wake ni bora kuliko wangu: fundi anayeijua kanuni na kuivunja ni mwanagenzi tu. Safari akaifuta. Alisema hawezi kwenda harusini akasimame mlangoni.

Mwandishi wa wasifu huu, alipoajiriwa mwaka 2012 na shahada mbichi mkononi, alibisha mbele ya watu kwamba hakuna samaki mrefu kuliko lori la Fuso. Alileta ensaiklopidia kumaliza shauri, nayo ikampa ushindi mzee. Ilikuwa na picha. Ndugu Gwakisa aliitazama kwa muda mrefu, akiwa ameufunika mkia kwa kiganja chake. Alisema hakungoja miaka yote hiyo aje auone kwenye karatasi.

Barua ya Novemba iliyopita ilisomwa na binti yake, Erica, ambaye akiwa chuoni Dar es Salaam alijifunza mbizi bila kumwambia mtu. Akamuuliza baba yake: "Siku ile chanzoni, Watson alikuwa amesimama mlangoni?" Erica akaongeza: "Aliyeshika kamba naye alikuwa kazini, baba."

Kwa hiyo Novemba hii Ndugu Gwakisa anakwenda. Erica atashuka ukutani na Maduhu, na yeye atakaa chomboni, mkono mmoja majini. Ameomba wasipige picha. Anataka kuambiwa kwa mdomo, wakiwa bado wanachuruzika maji.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila ndoo iliyojaa katika mji huu, hasa zile za Desemba 1998 ambazo wewe ulizilipia kwa bahari yako. Nenda na Mama Erica, mle samaki wadogo mkingoja habari za mkubwa. Uwe na siku ndefu, afya njema na maji yaliyotulia. Jenista anasema simu ya mapokezi itakuwa wazi Novemba nzima. Wawili wakishapanda, tupigie utuambie mkia ukoje.