Moshi wa Kumi

Pale Nyamirambo, mtaa wa chini ya msikiti, palikuwa na benchi la ubao lililobebwa na matofali manne, na kando yake jiko la Béatha. Mjane huyo aliwasha moto kabla ya adhana ya alfajiri, akabandika birika la kahawa ya tangawizi, kisha akaanza kazi yake ya pili, yaani kusikiliza upuuzi. Asubuhi hiyo ya mwezi wa nne, mwaka 1990, mvua ilikuwa imepumzika kidogo na wenye benchi walikuwa wameshakaa kwa vyeo vyao. Karibu na moto alikaa Damascène, fundi cherehani, waliyemwita Sindano kwa wembamba na ukimya wake. Katikati Bigirimana, yaani Serikali, aliyewahi kubeba mafaili pale ofisi ya komini miaka mitatu na mpaka leo hajayatua. Mwisho Hakizimana, utingo wa malori, yaani Ramani, ambaye hakuna barabara asiyoijua wala mji aliofika kwa wakati.

Sindano alikuwa na barua.

— Soma tena, alisema Serikali. Polepole. Hiyo ni barua ya kikazi.

Barua ilitoka kwa dada yake Gahongayire, kutoka Akarwa, kisiwa kidogo ndani ya ziwa Kivu walikozaliwa wote wawili. Sindano akasoma tena. Kisiwa kina nyumba tisa. Nyumba tisa haziwezi kupewa nyumbakumi wao, yule kiongozi wa nyumba kumi, kwa hiyo wanahesabiwa pamoja na watu wa ng'ambo, na kila ugomvi lazima wapige kasia. Mwezi uliopita mbuzi alikula maharage ya jirani. Mlalamikaji, mshitakiwa na mbuzi walivuka kwa mtumbwi mmoja, na walipofika ng'ambo kesi zilikuwa tatu. Sasa konseye, diwani wa huko, amesema Jumapili atahesabu nyumba upya. Lakini konseye anaogopa maji. Yeye husimama ng'ambo alfajiri, akahesabu moshi. "Nyumba ya baba bado imesimama, ila haitoi moshi. Kaka, rudi uwe wa kumi, na nyumbakumi utakuwa wewe. Nakuja Ijumaa kuchukua jibu."

Ijumaa ndiyo ilikuwa leo.

Béatha aliinama kupuliza mkaa, akapuliza kuliko mkaa ulivyohitaji. Miaka saba fundi huyu anakunywa kahawa yake pale pale. Kila asubuhi anamletea pasi yake aijaze makaa, kila Pasaka anamshonea pindo la kitenge bila kuombwa, na hajawahi kumwambia neno ambalo asingeweza kuliambia cherehani.

— Hiyo kisiwa naijua, alisema Ramani. Iko na migongo mbili, na njia moja hapo katikati.

— Ulifika lini? aliuliza Serikali.

— Niliipita na lori.

— Lori ndani ya ziwa?

— Barabara ya Kibuye, bwana! Nilikuwa juu ya mihogo, naona yote.

— Kiserikali kisiwa si mahali, alisema Serikali. Kuna komini. Chini yake segiteri, chini yake selire, chini yake nyumbakumi. Maji hayamo.

— Tuna kanisa letu, alisema Sindano. Padri wa kwanza alipinduka na mtumbwi hapo, akapona, akajenga kwa kushukuru. Kwa Kanisa sisi ni parokia nzima. Kwa konseye sisi ni maji.

— Kanisa! Serikali akalipiga goti lake kofi. Basi jibu tunalo. Jumapili alfajiri padri awashe ubani. Huo ni moshi wa kumi.

— Ubani moja? alisema Ramani. Kila nyumba iwashe mafiga mbili, moshi kumi na nane!

— Kumi na nane ni karibu selire.

— Wawashe na kwenye mitumbwi. Moshi hamsini! Iwe segiteri, iwe komini, iko na mkubwa wake burugumesitiri, na Sindano ashone bendera.

— Burugumesitiri lazima awe na gari, alisema Serikali kwa uchungu wa mtu aliyeona mambo hayo kwa karibu. Gari lazima barabara.

— Basi wajaze ziwa mawe, barabara ipite!

— Mkishajaza ziwa, alisema Béatha, kisiwa kitakuwa wapi?

Walikunywa kahawa kwanza.

— Mimi nataka kwenda, alisema Sindano.

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za mwezi huo kuhusu jambo analolitaka, na ilimfikia Béatha akiwa anamimina. Kahawa ikafurika kwenye kikombe cha Serikali.

— Miaka yote nimepima viuno vya watu, aliendelea Sindano. Hakuna aliyeniuliza naonaje.

— Unaonaje? aliuliza Ramani.

— Niache nimalize!

Hakumalizia, maana Gahongayire alikuwa ameshafika, kikapu cha sambaza wakavu, dagaa wa Kivu, kichwani na tope mpaka magotini.

— Karibu, dada, kaa, alisema Béatha, akampa kikombe.

— Nitakaa kidogo. Basi linaondoka saa sita.

Wakamweleza yote: ubani, mafiga, mitumbwi, barabara ya mawe. Mama wa watu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia kaka yake.

— Huo moshi wa kumi, nani atauwasha?

Serikali alihesabu vyeo kwa vidole. Alipita komini, segiteri, selire, hakumpata mtu. Ramani akatazama barabara. Wote walijua kwamba Sindano hajawahi kuwasha hata kiberiti kikatii. Pasi yake ilikuwa pale miguuni, na makaa ndani yake ni ya Béatha.

— Béatha, alisema Sindano.

— Nakusikia.

— Mimi...

Neno likamkwama. Béatha akaliacha likwame. Amengoja miaka saba, dakika moja haitamuua.

— Si kwa ajili ya moto, alisema Sindano. Yaani, moto pia. Lakini hata kama pasingekuwa na moto. Twende wote.

— Kahawa imekwisha, alisema Béatha.

— Imekwishaje? alisema Serikali. Birika linachemka, nalisikia!

— Imekwisha, nimesema. Leta hicho kikombe.

Akavikusanya vikombe vyote vinne, akavisuuza, akavifunga ndani ya kitenge chenye pindo la Pasaka. Ndipo akamgeukia yule mama wa kisiwani.

— Wifi, kuni za kwenu ni kavu au mbichi?

— Wifi? alisema Ramani.

— Wewe nyamaza.

Gahongayire alimtazama kaka yake, akamtazama Béatha, akasogeza kikapu chake ili mwenzake apate pa kuweka birika.

— Mbichi zote, kwa mvua hii.

— Vizuri, alisema Béatha. Konseye atakohoa akiwa ng'ambo.