Rudi Pasaka: Bi. Aikaeli Akyoo Aweka Chini Kalamu Nyekundu

Tarehe 30 Juni 2005, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuchoma watu sindano na kuwakazia macho bila haya, Bi. Aikaeli Akyoo, mkuu wa maabara wa Zahanati ya Mringaringa hapa Daraja Mbili, anastaafu. Mhariri wa jarida letu ameniomba mimi, Abdiel wa mapokezi, niandike mazuri yake. Nimemjibu kwamba mazuri yapo tele, ila mengi yalipokuja yalitukasirisha kwanza.

Mzaliwa huyu wa Kikatiti alianza kazi mwaka 1976, akipima malaria na minyoo. Minyoo aliipenda. Alikuwa akisema haina unafiki: kama ipo utaiona, kama haipo nenda nyumbani. Kisha kikaja kipimo cha virusi vya UKIMWI, na Bi. Aikaeli akakutana na mdudu asiyeonekana na majibu yenye tarehe.

Ikumbukwe ni miaka ile ya soko huria. Maduka yamejaa, bia za kila rangi zimeingia, na kila Desemba Wachagga tunapanda magari kwenda kula Krismasi nyumbani. Wenzangu msinune, mimi ndiye niliyekuwa naandika majina ya foleni ya Januari! Watu walikuja hata kabla chupa hazijarudishwa dukani, wanataka karatasi inayosema wako salama.

Bi. Aikaeli aliwapima wote, kisha akawaeleza kwa namna yake. Kipimo hiki, alisema, hakimtafuti mwizi. Kinatafuta sungusungu waliotoka kumkimbiza. Mwizi anaingia leo, lakini sungusungu wa mwilini hawaamki siku hiyohiyo; wengine watachukua wiki kadhaa, na wa kuchelewa kabisa ndio hao unaowasubiri miezi mitatu. Ukipimwa kabla hawajatoka utaambiwa mtaa uko shwari, na mwizi yuko jikoni anakula. Basi juu ya kadi aliandika kwa kalamu nyekundu: "Rudi Pasaka." Krismasi hadi Pasaka ni miezi mitatu na ushee, na hata mlevi akipoteza kadi hawezi kupoteza Pasaka. Waliotoka magharibi ya mlima, wakulima na wafugaji, aliwaambia wapande mahindi na warudi wakianza kuyachoma. Na wote aliwaonya: katikati hapo ni Kwaresma, na hiyo Kwaresma si ya nyama tu. Ukiteleza Februari, Pasaka yako inahamia Mei.

Gidion, muuza vipuri wa Ngarenaro, hakusikia. Alichukua jibu lake la Januari akaenda kulitia plastiki, akawa analitoa mfukoni kwa kila binti kama leseni ya udereva. Bi. Aikaeli alipopata habari alimfuata dukani mchana kweupe, mbele ya wateja, akaibandika ile karatasi plasta ya kidonda na kuandika juu yake: "Hii ni habari ya Oktoba." Gidion alirudi Pasaka, tena mtu wa kwanza mlangoni.

Sasa yangu. Tabitha, mke wangu, ameisoma na kuiruhusu. Mhariri naye ameniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Krismasi ya 1997, mwaka wa El Nino, mvua ilinikwamisha Kikatiti nikielekea Machame. Barabara ilifunguka siku hiyohiyo. Mimi ndiye sikuondoka. Harusi yangu na Tabitha ilikuwa tarehe 31 Januari, na mchungaji alitaka cheti cha kupima. Tarehe 12 Januari nikapimwa: sina. Nikaomba mhuri. Bi. Aikaeli akaniuliza mara ya mwisho kulala na mtu ilikuwa lini. Nikasema zamani. Akanitazama mpaka nikasema kweli, kisha akaniandikia nyekundu kama walevi wote.

Loo, nilimtukana kimoyomoyo! Mjomba Ebenezer, mwenyekiti wa kamati ya harusi, alikuja kufoka kwamba kadi zimeshachapwa na mbuzi ameshafungwa. Alipewa chai, akasindikizwa, hakuambiwa lolote. Mimi niliambiwa moja tu: karatasi ambayo Tabitha hajui habari yake si cheti, ni mtego. Nimweleze, nisimweleze, mhuri haupigwi.

Nikamweleza. Siku ya kumi akawatangazia ndugu zetu wote kwamba mvua imekata barabara ya Machame, harusi imesogezwa. Alinisitiri, mimi niliyetaka kumficha. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Pasaka ikafika. Bi. Aikaeli alipima, akarudia kwa kipimo cha aina nyingine, maana habari mbaya nayo haiaminiki upesi. Nilikuwa nimekanyaga waya: virusi ninavyo. Mwanamke yule, ambaye hakuwahi kufunga maabara hata kwa msiba, alifunga mlango akakaa nami hadi saa nane, akinishika mkono. Tabitha akapimwa: hana.

Tulifunga ndoa Novemba, majibu yote mawili yakiwa wazi mezani. Kwa nini alinikubali, muulizeni mwenyewe, mimi naogopa. Tangu Januari mwaka huu nameza dawa asubuhi na jioni, na nimenenepa mpaka mnanicheka. Tabitha hupimwa kila mwaka. Ijumaa iliyopita aling'ang'ania awe sampuli ya mwisho ya Bi. Aikaeli. Mama alivaa miwani, akatazama, akavua, akafuta, akatazama tena. Hana. Miaka saba, hana. Kama angepiga mhuri ule Januari ili kunifurahisha, leo tungekuwa tunahesabu mengine.

Bi. Aikaeli anarudi Kikatiti kwenye migomba yake na ng'ombe wawili, ambao nawaonea huruma. Asante, mama, kwa kutukasirisha. Uishi miaka mingi, yenye afya na amani. Wafanyakazi tumekununulia blanketi na redio, na kadi ameiandika Tabitha, kwa kalamu nyekundu uliyoiacha mezani: "Rudi Pasaka. Utatukuta wote wawili."