Chupa ya Kijani Dirishani Pangu

Sikilizeni wanangu, fungeni mlango na muape kwamba nitakayosema hayatatoka chumba hiki, maana hata mimi nilimwapia kitinda mimba wangu, huyu binti, kwamba sitafungua mdomo, na mnanijua nilivyo hodari wa kutunza siri: ile chupa ya kijani hapa dirishani kando ya kitanda changu, mliyoambiwa ni dawa ya mizizi, ni umeme. Usinikodolee macho, binti, nakufa.

Ndani mna vidudu hai, vidogo hata jicho halivioni, vinakula mwanga kama majani ya mti, na mdogo wenu amevipaka unga wa madini laini kupita vumbi la poda, unaochota umeme humo na kuupeleka kwenye waya, ndiyo maana ile taa ndogo inawaka. Kesho asubuhi wakubwa wake wa maabara wanakuja kuitazama. Ikizimika, miaka sita ya mwanangu imekwenda na maji, na wiki nzima hii inafifia, kijani kinageuka njano, hata usingizi sipati.

Nyumba ni ya wote, asiuze mtu. Cherehani ni ya mkwe wangu, na wewe kifungua mimba, koma kumnunia mkeo eti ameosha chupa kwa sabuni ikaharibika. Mdomo wake hauna kifuniko, habari zote za mtaa nazipata kwake, lakini mkono wake hauna hatia, nawaambia mimi. Dada yangu nilimnunia miaka ishirini kwa ajili ya sufuria moja, akafa, sufuria ikabaki inanitazama. Hilo msirithi kwangu.

Pumzi inaniishia. Nipeni hiyo dawa yangu, chungu kama shubiri, nitainywa mwenyewe, sijawa mtoto. Sasa inamisheni vichwa, mfumbe macho, niwabariki. Mungu awape kupendana... awafungulie riziki... awa...

Nani kafumbua? Ni kijiko tu kimeteleza kikagonga chupa. Binti, mbona unanishika? Unasemaje? Kwamba dawa inayoua vidudu vya ugonjwa wangu haibagui, inaua na vyako vya chupani? Ni chungu, mwanangu... kila siku nikavimiminia kijiko changu, nikasema, acha na vyenyewe vipate nguvu kidogo. Jamani, msinitazame hivyo nyote. Niachie mkono... tone lenyewe limeshaanguka.